Kabla ya Pasipoti Kuna Daftari

Wasikilizaji wetu mlio Timau na Maua, Nkubu na Chuka, Runyenjes, Embu mjini, hadi kule Siakago na Kiritiri, jioni ya leo nataka tuzungumzie kazi ya kucheza mpira nje ya nchi. Kila kijana anayefunga viatu vya mpira katika kaunti zetu anaiota kazi hii, na kila mzazi anaiogopa kidogo. Naomba wazazi mkae karibu na redio. Na wewe kocha uliyetoka uwanjani sasa hivi, maji ya kuoga yanaweza kusubiri.

Nitaanzia mbali. Kusini mwa Iceland kuna kisiwa kinachoitwa Heimaey, katika visiwa vya Vestmannaeyjar. Wakazi wake ni elfu nne na mia kadhaa tu. Ukiwakusanya wote, vikongwe na watoto wachanga, ukawaleta Meru katika uwanja wa Kinoru, kila mmoja angepata pa kukaa na nafasi nyingi zingebaki. Hao ni watu wa uvuvi. Usiku mmoja wa Januari 1973 ardhi ilipasuka pembeni mwa mji wao, volkano ikaanza kurusha moto, na karibu watu wote wakavushwa hadi bara usiku huo huo, wengi wao ndani ya mashua za kuvulia samaki. Nyumba kwa mamia zilifukiwa na majivu na lava. Moto ulipozima wengi walirudi, wakafukua, wakajenga, wakaendelea kuvua na kucheza mpira.

Klabu ya kisiwa hicho inaitwa ÍBV. Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo habari hii inapofika Afrika Mashariki. Katika kisiwa hicho cha upepo na baridi walicheza Waganda. Andrew Mwesigwa, beki aliyekuja kuwa nahodha wa Uganda Cranes, alifika huko mwaka 2006. Tonny Mawejje, kiungo, alimfuata mwaka 2009 akitokea URA ya Kampala, akakaa kwa miaka kadhaa. Abel Dhaira, mlinda lango mrefu aliyewahi kudakia AS Vita ya Kinshasa na Simba ya Dar es Salaam, naye akavaa jezi nyeupe ya ÍBV.

Kocha aliyekuwa akiwafundisha Mwesigwa na Mawejje ni nani? Ni daktari wa meno. Jina lake Heimir Hallgrímsson, mzaliwa wa visiwa hivyo hivyo, aliyekuwa akitibu meno ya majirani zake kisha anakwenda uwanjani kufundisha. Alikaa na kikosi cha ÍBV hadi mwaka 2011. Baada ya hapo akaingia katika benchi la timu ya taifa akiwa msaidizi wa Mswidi Lars Lagerbäck, na baadaye akawa kocha mwenzake. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya mataifa ya Ulaya huko Ufaransa, Iceland iliifunga Uingereza mabao 2 kwa 1 na kuitoa mashindanoni. Miaka miwili baadaye daktari huyo wa meno, sasa akiwa kocha mkuu, akaipeleka Iceland kwenye Kombe la Dunia nchini Urusi, ambako mechi ya kwanza ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Argentina ya Messi.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba Mwafrika Mashariki aliyekwenda kucheza Iceland alipotelea kwenye barafu, mjibu kwamba Waganda hao walikuwa mikononi mwa mmoja wa makocha ambao dunia nzima ilikuja kuwapigia makofi. Mwesigwa alitoka huko akaenda kucheza China na Kazakhstan. Mawejje alikuwa kwenye kikosi cha Uganda kilichocheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2017 nchini Gabon, mara ya kwanza kwa nchi hiyo kufika huko tangu 1978. Wachezaji wa namna hiyo hawaandikwi sana magazetini. Wao ni wafanyakazi. Wanasaini mkataba, wanatimiza msimu, wanatuma pesa nyumbani, wanarudi timu ya taifa wakiitwa.

Na kazi ya ugenini ina uchungu wake, tusiufiche. Abel Dhaira aliugua saratani ya tumbo mwanzoni mwa 2016. Alirudishwa Iceland kwa matibabu, na klabu yake ikachangisha fedha za kumsaidia. Alifariki huko tarehe 27 Machi 2016, siku ya Pasaka, akiwa na umri wa miaka 28. Kwa hiyo kijana wangu, siku watakapokuwekea karatasi mbele yako utie saini, usiishie kwenye mstari wa mshahara. Uliza bima ya matibabu. Uliza ukivunjika mguu mwezi wa pili nani atalipa hospitali, na mshahara utaendelea kuingia kwa muda gani. Mzazi, ukiwepo siku hiyo, uliza wewe kabla ya mwanao, kwa sababu furaha itakuwa imemziba masikio.

Sasa tupige hesabu ya watu, maana hesabu hii hainipi usingizi. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru. Embu ilikuwa na 608,599. Tharaka-Nithi, katikati yetu, 393,177. Iceland ilipokwenda Kombe la Dunia mwaka 2018 ilikuwa na watu kama 350,000 hivi, nchi nzima, na mji mkuu wake ndani. Yaani taifa lililoifunga Uingereza halifikii Tharaka-Nithi kwa idadi ya watu. Ukijumlisha kaunti zetu tatu unapata zaidi ya mara saba ya Iceland. Watoto tunao. Miguu tunayo. Wapanda mlima na wateremka mlima hatuna upungufu nao.

Wale Wazungu wa barafu walifanya nini basi? Walianzia chini. Kuanzia mwaka 2000 walijenga kumbi kubwa za kuchezea mpira ndani, ya kwanza ikiwa Keflavík, kwa sababu huko majira ya baridi hayaruhusu mtoto kugusa mpira nje kwa miezi mingi. Sisi huku jua tunapewa bure. Halafu, na mimi naamini hili ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko kumbi, wakasomesha makocha. Mamia ya makocha wakapata leseni za UEFA, na makocha hao hawakuwekwa kwenye timu za wakubwa peke yake. Walipelekwa kwa watoto. Mtoto wa miaka saba katika kijiji cha wavuvi anafundishwa na mtu aliyesomea kufundisha mtoto wa miaka saba, na mtu huyo analipwa.

Matokeo yake yakaonekana kwenye viwanja vya wengine. Katika wachezaji 23 waliokwenda Urusi mwaka 2018, ni mmoja tu aliyekuwa akicheza nyumbani Iceland, beki Birkir Már Sævarsson wa klabu ya Valur, ambaye pia alikuwa na kazi katika kiwanda cha kupakia chumvi. Wenzake wote 22 walikuwa nje. Na nje yenyewe si Barcelona na Manchester tu. Walikuwa Uswidi, Denmark, Norway, Scotland, Bulgaria, Uturuki, Urusi, daraja la pili la Ujerumani. Gylfi Sigurðsson alikuwa Everton, ni kweli, lakini kwa kila Gylfi mmoja kulikuwa na wengi waliokuwa wakicheza katika miji ambayo mimi na wewe hatungeweza kuionyesha kwenye ramani. Walikubali ngazi ya kwanza ilipo, wakapanda.

Hata vijana wetu waliofika mbali walipitia ngazi hizo hizo. McDonald Mariga alicheza Uswidi kabla ya Parma na Inter Milan. Mdogo wake Victor Wanyama alimfuata Uswidi akiwa bado kijana, kisha Ubelgiji, kisha Celtic ya Scotland, ndipo zikaja Southampton na Tottenham. Michael Olunga alitoka Gor Mahia akaenda Djurgården ya Stockholm mwaka 2016. Baadaye akapita China na Uhispania, na huko Japani mwaka 2020 akafunga mabao 28 katika ligi akiwa na Kashiwa Reysol na kuchaguliwa mchezaji bora wa msimu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeruka kutoka uwanja wa mtaani hadi Ligi Kuu ya Uingereza kwa hatua moja.

Karibu nasi zaidi yupo Kenneth Mugambi Muguna. Jina hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Meru. Muguna ni kiungo, mchezaji wa pasi na wa mipira iliyokufa, na mwaka 2016 akiwa na Western Stima, timu isiyokuwa na mashabiki wa kujaza hata mabasi mawili, alichaguliwa mchezaji bora wa Ligi Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa 2017 akaenda Albania kujiunga na KF Tirana, klabu ya mji mkuu, mojawapo ya klabu zenye mataji mengi zaidi nchini humo. Mkenya mwingine, Francis Kahata, alikuwa ametangulia kucheza huko.

Fikiria alichokikuta. Msimu huo wa 2016/17 Tirana, ambayo haikuwa imewahi kushuka daraja katika historia yake yote, ilishuka. Na siku chache baadaye klabu hiyo hiyo ikashinda Kombe la Albania. Kijana wa miaka 21, lugha haijui, baridi haijui, anaingia katika klabu inayozama na kushangilia ndani ya wiki moja. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa amerudi, akasaini Gor Mahia.

Nimesikia watu wakisema, tena vijana wa mpira, kwamba Muguna alishindwa Ulaya. Nimelisikia kwenye steji za matatu, nimelisikia kwa vinyozi, na kila mara linanikera. Alishindwa vipi? Alirudi na kushinda ligi na Gor Mahia mwaka huo huo wa 2017, akashinda tena 2018 na 2019, akavaa utepe wa nahodha wa klabu hiyo, akaichezea timu ya taifa, Harambee Stars. Mwaka 2021 akaondoka tena, safari hii kwenda Azam ya Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka miwili. Huko aliikuta ligi inayoonyeshwa kwenye televisheni kila wiki na klabu yenye uwanja wake yenyewe pale Chamazi. Kisha akarudi nyumbani na kujiunga na Kenya Police. Hiyo ndiyo kazi ya mwanasoka wa kulipwa: kwenda, kurudi, kwenda tena mahali pengine, huku ukijua kwamba mguu ni wa miaka 15 ukibahatika. Nchi mbili za kigeni, mataji ya nyumbani, heshima ya wenzake. Mimi ningependa watoto wa Igembe na Imenti waijue kazi ya Muguna kwa kirefu kama wanavyoijua ya Ronaldo, kwa sababu ya Muguna ndiyo wanayoweza kuifuata hatua kwa hatua.

Na Dar es Salaam ni ugenini kamili. Napenda kulisema hili wazi. Kijana akipata Azam, Simba au Yanga, asijione amekosa Ulaya. Lugha anaijua tayari, na akifanya vizuri anaonekana na klabu za Afrika Kusini, za Misri, za Morocco, kwa sababu timu hizo hukutana katika mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Kahata naye alipotoka Gor Mahia mwaka 2019 alikwenda Simba.

Wasikilizaji, turudi nyumbani.

Tunao uwanja wa Kinoru. Ulifanyiwa ukarabati mkubwa ili uwe mmoja wa viwanja vya mashindano ya CHAN ya 2018, Kenya ikiwa mwenyeji. Septemba 2017 CAF ikatunyang'anya mashindano hayo kwa sababu maandalizi yalikuwa nyuma, yakapelekwa Morocco. Kinoru ikaja kuandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2018. Embu nao uwanja wa Moi ulikarabatiwa, sherehe za Madaraka zikafanyika pale mwaka 2023. Nilifurahi kuona majukwaa hayo, na sisemi yasingejengwa. Lakini mtoto wa darasa la nne hajifunzi kutuliza mpira kwenye jukwaa la wageni mashuhuri. Anajifunza kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kile chenye mteremko, ambacho kona moja imeota majani na nyingine ni kifusi.

Kiwanja kimoja cha namna hiyo nakifahamu vizuri, upande wa Nkubu. Jioni za Jumamosi kocha anafika na pikipiki yake, ambayo mchana ni bodaboda. Ana mipira miwili ndani ya wavu, mmoja umeshonwa. Watoto ni wengi kuliko viatu, kwa hiyo anayetoka anavua, anayeingia anavaa, na kuna mmoja anayecheza na kiatu cha kulia tu kwa sababu ndio mguu anaopigia. Kocha huyo hajalipwa na mtu yeyote. Kila mazoezi yakianza anatoa daftari kubwa lenye jalada gumu, lile la karatasi nyingi wanaloandikia madeni dukani, na anaita majina.

Siku moja nilimwomba nilitazame. Mwandiko ni mzuri, mistari imepigwa kwa rula. Safu ya kwanza ni jina. Ya pili ni darasa. Ya tatu ni nambari ya simu ya mzazi. Ya nne ni alama ya kuhudhuria. Kwa miaka mingi, ukurasa baada ya ukurasa, vijana wa eneo zima wamo humo. Tarehe ya kuzaliwa haimo. Siku aliyojiunga haimo. Siku aliyoondoka, na alikokwenda, haimo.

Nataka kueleza kwa nini safu hizo tatu zinazokosekana zina thamani ya pesa, tena pesa nyingi, kwa sababu makocha wengi wa mashinani hawajaelezwa.

FIFA ina sheria inayoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji mwenye mkataba anapouzwa kutoka klabu moja hadi nyingine katika nchi tofauti, asilimia 5 ya bei yake inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una asilimia 0.25 ya bei. Kila mwaka kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Klabu iliyomlea inaweza kuwa ndogo kiasi gani? Ndogo kabisa. Sheria haiulizi jukwaa, haiulizi basi la timu. Inauliza kama klabu ilikuwa imesajiliwa na chama cha soka cha nchi yake, na kama mchezaji alisajiliwa nayo, kutoka lini hadi lini.

Chukua mfano mmoja. Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, bei iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Kwa hesabu ya sheria hii, miaka minne ya kuanzia 12 hadi 15 ingekuwa na asilimia 1 ya bei hiyo, nayo ni pauni 125,000. Geuza kwa shilingi utakavyo, uone ni viwanja vingapi vya shule vinaweza kusawazishwa na makocha wangapi wanaweza kusomeshwa. Na mchezaji akiuzwa tena, hesabu inaanza tena. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kupitishia malipo hayo, inayotazama kumbukumbu za usajili za mchezaji, mwaka kwa mwaka. Pale ambapo mwaka hauna klabu iliyosajiliwa, klabu haipati kitu. Jasho la kocha wa Nkubu au la kocha wa Ishiara halionekani, kwa sababu hakuna aliyeliandika.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yetu kubwa na Iceland. Kule mtoto anapoanza mpira anaandikishwa klabuni, tarehe zikiwa sawasawa, na kumbukumbu hiyo inamfuata hadi anapostaafu. Huku kijana anafika Nairobi akiwa na miaka 19, anasajiliwa kwa mara ya kwanza na klabu ya huko, na kwenye karatasi inaonekana kana kwamba alizaliwa siku hiyo akiwa tayari anajua kupiga mpira.

Tarehe ya kuzaliwa ina kazi nyingine pia. Kuna watu wanaopunguza umri wa vijana. Wanadhani wanawasaidia. Kijana wa miaka 20 anaandikwa 16, anang'ara kwa mwaka mmoja dhidi ya watoto, halafu anafika mahali ambapo madaktari wa timu wanapima mifupa, ama karatasi zake za shule zinapingana na pasipoti, na safari inaishia hapo. Vyeti vya kuzaliwa viko nyumbani, wazazi. Shule zilivitaka, mkavitafuta. Mpeni kocha nakala.

Nizungumze na wazazi kuhusu mawakala, maana najua kuna anayenisikiliza sasa hivi ambaye ameshapigiwa simu. Mtu anakuja na picha kwenye simu, yeye na mchezaji fulani, anasema ana nafasi ya majaribio Ureno au Uturuki au Dubai, na kinachohitajika ni pesa ya viza, pesa ya tiketi, pesa ya barua ya mwaliko. Kuna familia katika kaunti zetu zilizouza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya simu kama hiyo, na nyingine zikauza kipande cha shamba. Nimezungumza na baba mmoja wa namna hiyo. Mwanawe alifika hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, na tiketi haikuwa tiketi.

Kwanza, ujue kwamba sheria za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine. Kuna ruhusa chache, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo anayekuja kukwambia kwamba atampeleka mwanao wa miaka 15 kusaini Ulaya, hata kabla hujamuuliza jina lake, ameshakwambia la kutosha. Pili, wakala wa kweli ana leseni ya FIFA. Mtihani wa leseni hizo ulirejeshwa mwaka 2023, na majina ya waliopewa yamewekwa kwenye tovuti ya FIFA, yanaonekana na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti. Kama wewe si mtu wa intaneti, mwombe mwalimu wa shule akutafutie. Jina likikosekana, ng'ombe abaki zizini.

Na haya yote yanawahusu wasichana vile vile. Timu ya kwanza ya soka ya Kenya kuwahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA, la umri wowote, ni ya wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, mwaka 2024 huko Jamhuri ya Dominika. Esse Akida, mzaliwa wa pwani, amecheza Israeli, Uturuki na Ugiriki. Kocha ambaye kwenye daftari lake hakuna hata jina moja la msichana anawanyima watoto wa eneo lake nafasi ambayo wavulana wetu hawajaipata bado.

Ombi langu kwa waheshimiwa wa mabunge ya kaunti, Meru, Tharaka-Nithi na Embu, ni dogo kuliko uwanja. Gharimieni kozi za makocha. Chukueni vijana wale wenye pikipiki na mipira miwili, wapelekeni kusomea leseni za ngazi ya kwanza za CAF, kisha walipeni kitu kila mwezi ili Jumamosi isiwe siku anayochagua kati ya abiria na watoto. Bei ya kuta za jukwaa moja ingesomesha makocha wa kata zote.

Nawe kocha unayenisikia, kabla ya mazoezi ya Jumamosi ijayo chukua rula, ongeza safu tatu: tarehe ya kuzaliwa, tarehe aliyojiunga, tarehe aliyoondoka na klabu aliyokwenda. Kusanya nakala za vyeti uziweke kwenye faili moja pasipovuja mvua. Kisha nenda kwa tawi la shirikisho la soka lililo karibu nawe, uulize klabu yako isajiliwe namna gani, ada ni kiasi gani, na wachezaji wako waingizweje kwenye mfumo wa usajili wa kielektroniki, kila mmoja na nambari yake. Ukipewa risiti, itunze. Wakikwambia urudi kesho, rudi kesho, na daftari likiwa mkononi.

Mimi naishia hapo kwa leo. Simu za studio ziko wazi, na kocha wa kwanza kupiga atapewa nafasi ya kuzungumza.